Samli ya Mtoto na Pua Iliyonikimbia

Nyinyi vijana mnaokuja hapa kwangu Magunga na simu zenu, mkitaka niwape kipimo cha nta na kipimo cha samli ili mkapike mafuta ya ngozi jikoni kwenu, mnanichosha. Siwafukuzi. Chai mnakunywa na viti mnapewa. Lakini mnaondoka mkinung'unika kwamba huyu mama hasemi kitu cha maana, anainuka na kukaa, anainuka na kukaa. Ni kweli, kutulia siwezi. Basi nimeona niyaandike haya, mkasome wenyewe kwa wakati wenu, nami niwe huru kuinuka.

Tangu nilipoolewa hadi majuzi, kazi yangu ilikuwa mafuta ya kupaka na sabuni, nikitengenezea nyumbani. Kulikuwa na samli iliyochanganywa na nta ya nyuki, ya mikono iliyopasuka. Hiyo ilipendwa na akina mama wanaoanika omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni. Kulikuwa na sabuni ya alizeti na alovera. Na kulikuwa na samli tupu, safi, ya kuwapaka watoto wachanga, kwa sababu huku kwetu mtoto akishaoga maji yake ya kwanza hupakwa samli aliyoiandaa nyanya yake, na nyanya asiye na ng'ombe alikuja kwangu. Hiyo ya watoto ndiyo iliyoninyima raha miaka yote. Mtu mzima mafuta yakimchoma atakuja kukutukana mlangoni. Mtoto wa wiki moja atalia tu, na watu watasema ni tumbo.

Chombo changu cha kazi hakikuwa mizani. Kilikuwa pua. Sasa hiyo pua imenikimbia, na yote nitakayowaambia yanazunguka hapo.

Mimi ni Mkuria wa Isebania, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Naitwa Gati, ingawa hapa wengi wananijua kama Mama Otieno. Nilikuja kuolewa kisiwani Takawiri nikiwa sijui Kijaluo hata cha kuombea maji ya kunywa. Mama mkwe wangu, ambaye watoto wote wa boma walimwita Dani, yaani nyanya, ndiye aliyekuwa akiwapikia samli wazazi wa kisiwa kizima. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mwenye kucheka kwa mabega bila kutoa sauti. Siku zangu za mwanzo aliniweka jikoni kando yake na kunionyesha kazi kwa vidole, kwa maana maneno hatukuwa nayo.

Alinifundisha kusikiliza. Samli ikiwa motoni hupiga kelele, inatatarika, kwa sababu maji yaliyomo yanatoka. Kelele zikikatika ghafla, maji yameisha. Hapo epua, usisubiri kuambiwa, kwani chembe za maziwa zilizotulia chini zikiungua samli yote inakuwa chungu. Alinifundisha kuchuja kwa kitambaa kilichokaushwa juani, si kile kilichokauka ndani ya nyumba. Tone moja la maji kwenye chupa ni adui wa samli. Halafu akanifundisha kunusa. Siku ya kunusa huli kitunguu asubuhi, na hushiki samaki. Unatia tone nyuma ya kiganja, unasugua mpaka lipate joto la mwili, unafunga mdomo, ndipo unanusa. Samli nzuri inanukia maziwa, na njugu zilizokaangwa kidogo. Iliyochacha inanuka kama mafuta ya mandazi yaliyorudiwa wiki nzima.

Siku moja Dani alinipa kibuyu ninuse. Nikanusa, na uso wangu ukajikunja wenyewe kabla sijaukataza. Wake wengine wa boma lile walishika vinywa. Bibi arusi haukunjii uso kitu cha mama mkwe. Angenitetea nani? Ningekuwa na Kijaluo ningetafuta neno la heshima, ningesema ni nzuri Mama, ningemeza mate. Lakini sikuwa na neno lolote. Nilikuwa na uso tu. Dani akatikisika mabega kwa kicheko. Kibuyu kile alikuwa amekiacha juani kusudi. Baadaye, nilipojua lugha, aliniambia kwamba kila mke aliyeletwa pale alimpa kibuyu kama kile, na wote walimwambia ni kizuri. Ndiyo maana kazi aliniachia mimi, mgeni asiye na adabu.

Ngojeni, kuna kifuniko kimeanguka jikoni.

Nimerudi. Ni paka tu. Na kwa habari za paka, niwaambie kosa langu la kwanza la sabuni, mcheke kisha mkumbuke. Sabuni ya kupika mwenyewe haitumiki siku ile ile. Inatakiwa ipumzike wiki kadhaa mahali penye hewa, ikauke, ukali uishe. Pale Takawiri mahali penye hewa kuliko pote ni kwenye nyavu za kuanikia omena. Nikaona, mbona nyavu zetu hizi zina nafasi, omena yetu wiki hii ni haba. Nikazipanga sabuni zangu pale vizuri, mstari kwa mstari. Ubaya ni kwamba sabuni inayokauka huvuta harufu ya jirani yake. Zilipoiva zilikuwa nyeupe, laini, za kupendeza macho, nami niliyekuwa nimelala na kuamka na omena sikusikia chochote. Katekista wetu akanunua, akaoga, akaenda kufundisha. Paka wa kisiwa walimsindikiza mpaka mlangoni pa kanisa. Tangu siku hiyo sabuni zangu zilikauka chumbani kwangu, chini ya kitanda, na mume wangu alijifunza kukubali.

Kosa lingine lilikuwa sufuria. Kostiki soda, ile inayogeuza mafuta kuwa sabuni, nilikuwa nikiifuata Isebania, na aliyeniuzia aliniambia mambo mawili: soda unaitia kwenye maji, usitie maji kwenye soda, maana yataruka yakutafute macho. La pili nilimkatiza kwa haraka zangu, nikaondoka. Lilikuwa ni kwamba usitumie sufuria ya alumini. Sufuria ya harusi yangu ililiwa mbele ya macho yangu, ikifuka moshi na kububujika, mpaka nikaona majivu kupitia sakafu yake. Tumieni ndoo nene ya plastiki au chombo cha chuma kisichoshika kutu, na fungueni madirisha. Haraka haraka haina baraka, na kwenye kostiki haina hata sufuria.

Na hiyo alovera mnayoikamua na kuitia kwenye chupa nzuri, halafu mnaandika kwamba haina kemikali! Najua haina. Ndiyo shida yake. Ute wa alovera ni maji, na chochote chenye maji kinaanza kuoza siku unapokifunga. Mimi chupa yangu ililipuka ndani ya mkoba wa mwanakwaya katikati ya maombi, kifuniko kikampiga mzee wa kanisa shingoni, na wengine wakadhani Roho ameshuka. Kama hamna kitu cha kuizuia isioze, kamueni ya kutumia leo na kesho, au muichanganye kwenye sabuni. Msiwadanganye watu.

Vilevile msinijie na habari za kung'arisha. Niliuza Isebania miaka mingi, sokoni kwenye watu wa pande zote mbili za mpaka, na kila wiki aliletwa bibi arusi mmoja anayetaka awe mweupe kabla ya Jumamosi. Nilimwambia kila mmoja kwamba mafuta yangu yanalainisha, hayabandui. Walikwenda kwa jirani. Wengine walirudi baada ya miezi wakijifunika leso usoni, nami niliwapa samli na sikuwauliza kitu.

Sasa pua. Ilikuwa ni mafua makali, ya kawaida nilidhani. Homa ikaondoka, kikohozi kikaondoka, mimi nikarudi kazini. Wakati huo tulikuwa tumeshahamia huku Magunga, kwa sababu nta naipata karibu, kwa wafuga nyuki wa upande wa Ruma. Nilikuwa nimekaa nikichambua nta, mlango wa jikoni uko wazi, na maharagwe yako motoni. Mke wa mwanangu Otieno, Achieng, ambaye tunamwita nyar Rongo kwa kuwa ametoka Rongo, alikuwa anatoka shambani. Alisikia harufu akiwa bado langoni. Aliingia mbio, akapita mbele yangu, akatoa sufuria ya makaa meusi. Akaniangalia. Nikaangalia ile sufuria, nikainamisha uso juu yake kabisa. Hakukuwa na kitu. Ilikuwa kama kunusa ukuta.

Niliogopa, nisiwafiche. Nilinusa vitunguu, nikanusa mafuta ya taa, nikaenda kusimama sokoni kwenye omena. Daktari wa pua huko Homa Bay aliniambia huenda ikarudi, huenda isirudi, nisubiri. Kunisubirisha mimi!

Achieng ndiye aliyekuwa akinisaidia kazi, na mikono yake ilikuwa mizuri kuliko yangu. Alijua kelele ya samli. Alijua kudondosha mafuta ya nta juu ya kijiko baridi ili aone kama yataganda laini au magumu. Nikamwambia, basi, wewe ndiwe pua. Kila kikopo kabla hakijatoka, uninusie. Akawa ananusa, na kila kikopo jibu lilikuwa moja: "Iko sawa, Mama." Samli ya Jumatatu iko sawa. Ya siku ya mvua iko sawa. Hata mimi pua yangu ikiwa nzima sikuwahi kuwa na bahati kama hiyo.

Nikakumbuka kibuyu cha Dani. Nilikuwa na kikopo pembeni cha mafuta ya njugu ambacho nilikitenga mwenyewe kabla sijaugua, kwa sababu kilikuwa kimechacha mpaka nzi wanakikwepa. Nikakichanganya na vingine, nikamwita. Achieng alipofika kwenye kile, pua yake ilishtuka. Niliiona kwa macho yangu ikijifunga. Akameza mate. Akaangalia chini, akasema taratibu, "Hii pia iko sawa, Mama."

Sikumkasirikia. Ningemkasirikiaje? Alikuwa amelelewa vizuri. Kwao, kama kwa wengi wetu, mke wa mwana hamwambii mama mkwe kwamba chakula chake kina chumvi nyingi, sembuse kwamba mafuta yake yananuka. Mimi niliokolewa na ujinga wa lugha. Yeye alikuwa na maneno yote ya heshima tayari mdomoni. Nikamweleza kwamba kikopo kile kilikuwa mtego, nikambembeleza, nikamwambia hapa jikoni mimi si mama mkwe. Aliitikia kwa kichwa, na kikopo kilichofuata kilikuwa sawa, Mama.

Basi nikafunga kazi. Ndiyo sababu nimestaafu, na si miguu kama mnavyoambizana. Sikuweza kutoa samli ya mtoto wa mtu ambayo sijui inanukaje na ambayo hakuna wa kuniambia. Wazazi walikuja na vikopo vyao vitupu, nikawarudisha, na kila niliyemrudisha nilihesabu ni mtu ambaye atakwenda kununua lile jeli la manukato linalowatoa watoto vipele. Niliona kazi ya Dani inafia mikononi mwangu kwa sababu ya adabu.

Kazi ikiisha, mikono hubaki. Nilifagia uwanja uliofagiliwa. Nilipanga vikopo kwa ukubwa, kisha kwa urefu. Nilikwenda Isebania kununua vifuniko nisivyokuwa na haja navyo. Otieno akaniambia, "Mama, si ukae tu kidogo?" Nikamuuliza nikae nifanye nini.

Hapo ndipo Achieng alipopata mimba, na nikapata kazi moja. Samli ya mjukuu wangu wa kwanza hainunuliwi nje, na mimi niko hai. Nilinunua maziwa ya ng'ombe ninayemjua, nikayasukasuka kwenye kibuyu mwenyewe, nikapika nikiwa nimefumba macho ili nisikie vizuri. Kelele zilikatika, nikaepua. Nilichuja kwenye kitambaa cha jua. Nilijaza chupa ya kioo, nikaiweka kabatini isubiri mtoto. Kwa masikio na mikono, ile samli ilikuwa bora kuliko zote nilizowahi kupika.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, mwenye sauti. Walipotoka hospitali na kufika nyumbani, Achieng alimwogesha, akamlaza mapajani juu ya taulo. Nikaleta chupa yangu. Majirani wawili walikuwapo, na mama yake Achieng alikuwa amekuja kutoka Rongo, amekaa pale pale. Nilisimama kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Achieng akafungua chupa. Akatia tone nyuma ya kiganja, akasugua, akafunga mdomo, akanusa. Akanusa tena. Akamwangalia mtoto, si mimi. Kisha akafunga chupa na kuiweka chini, mbali na taulo.

"Mama," akasema, "hii siwezi paka mtoto. Imechacha."

Mama yake alimkanyaga mguu, nilimwona. Majirani wakaangalia dari. Nami niwaambie ukweli, jambo la kwanza nililolisikia moyoni halikuwa furaha. Niliudhika. Mbele ya watu, na samli niliyoipika kwa mikono yangu!

"Una uhakika?" nikamuuliza.

"Niko na uhakika. Nusa mwenyewe."

Kisha akakumbuka pua yangu, akashika mdomo. Halafu mimi nikaanza kucheka, na nilijisikia nikicheka kwa mabega, bila sauti, kama yule mwanamke wa Takawiri. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Achieng akaanza kulia akidhani nimerukwa na akili, na ikabidi nimshike kichwa nimwambie, hapana mwanangu, nimekusubiri sana wewe.

Tulipotulia alinitolea kisa chenyewe, maana alikuwa amekiona muda wote. Kila siku nilikuwa nikiitoa ile chupa kabatini. Nilikuwa naifungua, naingiza kidole, naiangalia kwenye mwanga, naisogeza karibu na jiko ilainike, naifunga, naifungua tena. Sikuweza kuinusa, kwa hiyo sikuweza kuiacha. Joto, hewa na kidole, miezi yote hiyo. Samli haikuharibiwa na mapishi. Iliharibiwa na wasiwasi wangu. Nilikuwa nimewaambia watu maisha yangu yote kwamba mafuta yakishafungwa yaachwe, yawekwe gizani na yasahaulike, na mimi mwenyewe nikayasumbua kama mtu anayeng'oa mhogo kila asubuhi kuona kama umekua.

Nikamuuliza basi mtoto atapakwa nini. Achieng akamwomba mama yake amfungulie sanduku lake la nguo. Chini ya nguo kulikuwa na kikopo kidogo cha samli tuliyoipika pamoja kabla sijafunga kazi. Alikinusa siku ile, akakiona ni kizuri kweli, akakificha ndani ya leso bila kukifungua tena. Alikuwa akijua hata wakati ule kipi kiko sawa na kipi alinidanganya.

"Kaa, Mama," akaniambia. "Dani wake ndiye anapaka."

Nikakaa. Akanipa mtoto. Nilimpaka kichwa, mikunjo ya shingo, migongo ya vidole, na alijinyoosha mapajani mwangu kama kwamba ananijua. Kwa mazoea nikainama kumnusa utosini. Hakukuwa na kitu, ule ukuta wangu tu. Zamani ningeinuka nikatafute kitunguu.

"Ananukia aje?" nikamuuliza Achieng.

Akainama, akafunga mdomo, akavuta pumzi, hakufanya haraka.

"Maziwa," akasema. "Na njugu, kidogo."

Nikamwamini.